Kuifuata Ghana Kombe la Dunia 2026 (Toronto, Boston, Philadelphia): kipi kitangulie, visa, ndege au tiketi?

Nyota_Nyeusi26

Wakuu, salaam. Ninapanga kuifuata Ghana hatua yote ya makundi ya Kombe la Dunia 2026, na ikivuka niione angalau mechi moja ya mtoano. Kundi L limekaa hivi: Panama mjini Toronto tarehe 17 Juni, England huko Boston tarehe 23, Kroatia huko Philadelphia tarehe 27. Pasipoti yangu inahitaji visa Kanada na Marekani pia. Tiketi ya uwanjani ninayo ya Boston tu, ya bahati nasibu ya FIFA.

Naomba mnisaidie haya. Kati ya visa, ndege, hoteli na tiketi zilizobaki, nilipie kipi kwanza ili kimoja kikikwama nisipoteze vyote? Ghana ikipita itacheza wapi, na mtu anajipangaje wakati hajui itashika nafasi ya ngapi? Halafu nasikia uwanja wa Boston hauko Boston. Kwa anayejua kwa undani, tafadhali asibanie.

Pitanjia

Anza na visa zote mbili, tena wiki hii. Tiketi ya mechi haimfungulii mtu mpaka wa nchi yoyote, na kulipia ndege isiyorudishiwa pesa kabla ya visa ni kucheza kamari. Fomu za visa zinataka mpango wa safari tu, hazidai uwe umeshalipa. Nafasi ya hoteli unayoweza kuifuta bure inatosha kuonyesha utalala wapi.

Tuma ombi la Kanada kwanza. Sababu ni ya kiutendaji: Kanada hupokea maombi kwa mtandao, na pasipoti unabaki nayo mpaka wakuandikie kwamba uilete ibandikwe visa. Marekani, ukikubaliwa kwenye usaili, pasipoti inabaki ubalozini hapo hapo. Ukitanguliza Kanada, unaenda usaili wa Marekani ukiwa na pasipoti mkononi huku ombi la Kanada likiendelea kushughulikiwa. Watu hukwama pale wanapoambiwa na nchi zote mbili walete pasipoti ndani ya wiki moja. Ikitokea hivyo, maliza ya Marekani kwanza kisha uipeleke Kanada, kwa sababu nafasi ya usaili wa Marekani ukiipoteza ni kazi kuipata tena.

Ada ya Kanada ni dola 100 za Kanada kwa visa na 85 kwa alama za vidole na picha, jumla 185. Ya Marekani ni dola 185 za Marekani. Tarakimu zinafanana, pesa hazifanani, kwa hiyo angalia unalipa kwa sarafu gani. Zote hazirudi ukikataliwa. Ukishalipa Kanada unapewa barua ya alama za vidole yenye siku 30. Usipokwenda ndani ya muda huo ombi linaweza kukataliwa. Kama uliwahi kutoa alama Kanada ndani ya miaka 10 iliyopita, hurudii.

Kwa Marekani fomu ni DS-160. Andika namba ya ombi lako mwanzoni kabisa, kwa sababu ukiiacha fomu dakika 20 bila kuigusa inajifunga, na bila namba hiyo huirudii. Picha iwe ya mraba, inchi 2 kwa 2, mandharinyuma meupe, bila miwani. Fomu inauliza majina yote uliyotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita. Jaza yote, hata akaunti uliyoiacha. Namba ya msimbopau ya DS-160 ifanane na ile uliyowekea miadi. Ukijaza fomu upya na usibadilishe namba kwenye miadi, unaweza kurudishwa mlangoni.

Kwenye usaili, kinachowaangusha wengi ni kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani: ofisa hakuridhika kwamba utarudi. Mwaliko wala tiketi ya FIFA havijibu swali hilo. Linajibiwa na kazi yako, barua ya likizo yenye tarehe, familia, biashara, na taarifa za benki za miezi kadhaa zinazoonyesha mapato ya kawaida. Fedha nyingi zilizoingia kwenye akaunti wiki moja kabla huleta maswali kuliko kiasi kidogo kinachoingia kila mwezi.

Kibendera

Pitanjia kasema vizuri. Naongeza mambo mawili yanayohusu uraia, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

La kwanza, kabla hujalipa ada ya Marekani soma orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa zuio la visa za utalii. Msamaha uliotolewa kwa ajili ya mashindano unawahusu wachezaji, makocha na watu wa lazima wa timu. Mashabiki hawamo.

La pili ni dhamana ya visa. Tangu Agosti 2025 raia wa baadhi ya nchi wanaoomba visa ya B1/B2 (ya matembezi au biashara) wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, inayorudishwa ukitoka nchini kwa masharti. Kiasi hupangwa na ofisa baada ya usaili, na malipo hufanyika kwenye tovuti ya serikali ya Pay.gov kwa kiungo utakachopewa. Anayekuambia uweke dhamana mapema ili "kuharakisha" anakuibia. Orodha ya nchi imekuwa ikibadilika, kwa hiyo iangalie tena siku unayoweka miadi.

Kwa kuwa tiketi yako ya Boston umeinunua FIFA moja kwa moja, jiandikishe kwenye mpango wa FIFA PASS kupitia akaunti ile ile ya tiketi. Kazi yake ni kukupatia nafasi ya usaili mapema. Uamuzi wa ofisa haubadiliki hata kidogo, lakini kwenye ubalozi wenye foleni ndefu tarehe ndiyo kila kitu. Tiketi iliyonunuliwa kwa mtu pembeni haikupi haki hiyo.

Nyota_Nyeusi26

Nashukuru sana, hii ya pasipoti kubaki ubalozini sikuijua. Nimeona ndege ya kwenda Toronto inayopita New York ina nafuu kubwa. Si itafaa, maadamu visa ya Marekani nitakuwa nayo?

Pitanjia

Iache, labda kama visa yako ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi na tayari iko mkononi. Viwanja vya ndege vya Marekani havina eneo la kupitia kwa abiria wa kimataifa. Hata kama unabadilisha ndege tu, unapita uhamiaji, unachukua mizigo, unapita forodha, kisha unaikabidhi tena. Maana yake ni kwamba (a) bila visa ya Marekani hupandi ndege hiyo kabisa, na (b) kama visa yako ni ya kuingia mara moja, umeitumia New York tarehe 16, na ya kwendea Boston huna. Tafuta njia inayopita Ulaya, Ghuba au Addis Ababa. Uangalie pia kama nchi ya kubadilishia ndege inakudai visa ya kupita, hasa ukibadilisha uwanja au ukilala.

Kwa Ghana mpangilio wa miji una heri: Kanada mara moja, halafu Marekani mara moja. Linganisha na Ivory Coast, inayocheza Philadelphia tarehe 14, Toronto tarehe 20, kisha Philadelphia tena tarehe 25. Au Afrika Kusini: Mexico City tarehe 11, Atlanta tarehe 18, Monterrey tarehe 24. Mashabiki wao wanavuka mpaka mara mbili ndani ya makundi tu. Wa Afrika Kusini wana ahueni moja: Mexico humruhusu mgeni mwenye visa hai ya Marekani au Kanada kuingia bila visa ya Mexico.

Toronto kwenda Boston, safari ya anga ni kama saa moja na nusu, lakini fika uwanja wa ndege saa tatu kabla. Uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, una maofisa wa uhamiaji wa Marekani ndani yake: unahojiwa na kupigwa muhuri Toronto, na ukitua Boston unatoka kama abiria wa ndani. Foleni ya hapo ndiyo inayowaachisha watu ndege, kwa hiyo kufika saa moja na nusu kabla kwa kuwa "ni safari fupi" hakutoshi. Weka kwenye begi la mkononi tiketi za mechi, anwani ya kulala, na tiketi ya ndege ya kurudi.

Mtoano

Nijibu swali la pili, maana wengi hudhani haliwezi kupangwa. Kwa Kundi L linapangika kuliko makundi mengi.

Mashindano yana timu 48 kwenye makundi 12. Wanapita wawili wa juu kila kundi pamoja na washindi wa tatu bora 8, na hatua inayofuata ni ya 32 bora. Milango ya Kundi L ni mitatu. Ghana ikiongoza kundi inacheza Atlanta tarehe 1 Julai, mechi namba 80. Ikishika nafasi ya pili inakutana na wa pili wa Kundi K mjini Toronto tarehe 2 Julai, mechi namba 83. Ikipita kama mshindi wa tatu, mahali pekee inapoweza kuangukia ni Kansas City tarehe 3 Julai, mechi namba 87, dhidi ya kinara wa Kundi K. Kuna makundi ambayo wa tatu wake anaweza kutupwa miji minne au mitano tofauti. Kwenu ni mmoja.

Jambo jingine zuri: Kundi J, K na L ndiyo yanayomaliza mwisho, yote tarehe 27 Juni. Kwa hiyo usiku ule ule wa mechi ya Philadelphia utajua kama mmepita na mnaenda wapi, hata mkiwa wa tatu. Unabaki na siku nne hadi sita za kusafiri. Atlanta na Kansas City ni safari za ndani za ndege kutoka Philadelphia. Toronto ni kurudi Kanada, na hapa watu huogopa bure: mwenye visa ya Kanada hata ya kuingia mara moja, akitoka kwenda Marekani tu na kurudi kabla ya muda wake wa kukaa Kanada kuisha, hahitaji visa mpya. Sharti ni asipite nchi ya tatu.

Ushauri wangu: lipia hoteli miji yote mitatu ya mtoano (Atlanta, Toronto na Kansas City) kwa masharti ya kufuta bure, na uandike kwenye kalenda ya simu siku na saa ya mwisho ya kufuta, kwa saa za mji wa hoteli yenyewe. Tarehe ya mwisho ikiwa kabla ya 28 Juni, hoteli hiyo haikufai, kwani utakuwa hujajua matokeo. Hapo ndipo wengi huumia: wanaona neno "bure" na hawasomi tarehe.

Ndege ya kurudi nyumbani nunua inayobadilishwa tarehe, ukiingilia Toronto na kutokea Philadelphia au New York. Inaweza kuwa ghali kidogo kuliko ya kwenda na kurudi mji mmoja, lakini inakuokoa kuirudia Toronto kwa ajili ya ndege tu. Kuanzia robo fainali, tarehe 9 Julai, mechi zote zinachezwa Marekani, kwa hiyo Ghana ikisonga mbele tena, kuondokea Marekani ndiko sahihi.

Kibendera

Kuhusu tiketi za Toronto na Philadelphia, bahati nasibu zote zimepita. Zimebaki njia mbili halali: mauzo ya dakika za mwisho ya FIFA, ambapo anayewahi ndiye anayepata, na soko la FIFA la mashabiki kuuziana. Mauzo hayo ya dakika za mwisho huachia tiketi kwa mafungu, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta imeandikwa zimeisha; rudi tena na tena, ukiwa umeshaingia kwenye akaunti na kadi umeshaihifadhi.

Kwenye soko la kuuziana elewa hesabu. FIFA inachukua asilimia 15 kwa mnunuzi na asilimia 15 kwa muuzaji. Tiketi iliyowekwa kwa dola 200 wewe unalipa 230, na aliyeiuza anapata 170. Hii inahusu pia wazo la kununua mechi 80, 83 na 87 zote kisha kuuza mbili zisizokuhusu. Inawezekana, lakini kila unayoiuza kwa bei uliyonunulia inakula asilimia 15, na mechi isiyovuta watu inaweza isiuzike kabisa. Kwa maoni yangu nunua moja tu mapema, ile ya nafasi unayoamini Ghana itashika, na nyingine isubiri usiku wa tarehe 27. Usiku huo mashabiki wa timu zilizokwama nao hurudisha zao sokoni kwa wingi.

Tiketi ni za kwenye simu pekee. Picha ya skrini si tiketi, na karatasi iliyochapishwa si tiketi. Anayekuuzia kwa njia hiyo hana cha kukupa. Baruapepe ya akaunti ya FIFA iwe ile unayoweza kuifungua ukiwa safarini. Kama akaunti ya baruapepe au benki yako hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani, hakikisha laini hiyo inapokea ujumbe nje ya nchi. Weka laini ya kidijitali (eSIM) ya data kwenye nafasi ya pili na uiache ya kwanza ikiwa hewani. Ingiza tiketi kwenye programu ukiwa hotelini. Getini mtandao huelemewa na maelfu ya simu kwa wakati mmoja.

Reli_na_Basi

Sasa viwanja vyenyewe. FIFA imeondoa majina ya wadhamini, kwa hiyo ramani ya kawaida na tiketi yako havitasema jina moja.

"Toronto Stadium" ni BMO Field, ndani ya mji. Treni za GO zinasimama kituo cha Exhibition, jirani kabisa na uwanja, na tramu za 509 na 511 zinafika hapo. Huu ndio rahisi kuliko yote mitatu.

"Boston Stadium" ni Gillette Stadium na uko Foxborough, kama kilomita 45 kusini-magharibi mwa Boston kwa barabara. Hakuna treni ya mjini wala daladala ya kufika hapo siku ya kawaida. Siku ya mechi MBTA, shirika la usafiri wa umma la Boston, huweka treni maalumu kutoka kituo cha South Station, na viti vyake vina idadi, kwa hiyo nunua tiketi ya treni mara inapotoka na uichukulie kama sehemu ya bei ya mechi. Teksi za kuita kwa simu zitakupeleka, tatizo ni kurudi: barabara inayotoka uwanjani ni Route 1, na baada ya filimbi ya mwisho inajaa kwa saa nyingi huku bei ikipanda. Hoteli zikiwa ghali Boston, angalia Providence kwenye jimbo la Rhode Island. Iko karibu na Foxborough kuliko Boston yenyewe, na ina treni ya kwenda South Station. Ukitua uwanja wa ndege wa Logan, basi la Silver Line SL1 linakufikisha South Station bila nauli.

Kutoka Boston kwenda Philadelphia panda treni ya Amtrak, South Station hadi kituo cha 30th Street, kama saa tano na nusu kwa treni ya kawaida. Nauli yake hupanda kadiri viti vinavyopungua, na hapa kuna jambo ambalo ratiba inalificha: England wanacheza na Panama tarehe 27 hiyo hiyo huko East Rutherford, jirani na New York. Mashabiki waliokuwa nanyi Foxborough watatumia reli ile ile kushuka kusini kati ya tarehe 24 na 27. Lipia mapema, na usafiri tarehe 24 au 25 badala ya 26.

Philadelphia uwanja ni Lincoln Financial Field, kusini mwa mji. Unapanda treni ya Broad Street Line ya SEPTA (shirika la usafiri wa umma la mji) kutoka City Hall hadi mwisho wa njia, kituo cha NRG. Tafuta hoteli karibu na kituo chochote cha njia hiyo na hutahitaji gari kabisa.

Begi: viwanja vya ligi ya NFL (futiboli ya Kimarekani), kama Foxborough na Philadelphia, huruhusu begi la plastiki angavu lisilozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, yaani takribani sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au kipochi kidogo kisicho angavu cha inchi 4.5 kwa 6.5. Mkoba wa mgongoni wa kawaida hauingii, na usitegemee kukuta pa kuuhifadhi getini. Uache hotelini. Malipo ndani ya uwanja ni kwa kadi, noti hazitumiki kwenye vibanda.

Viwanja vyote vitatu viko wazi juu. Juni mwishoni Philadelphia huwa na joto la unyevu na ngurumo za radi za alasiri. Radi ikipiga karibu na uwanja, mchezo husimamishwa, watu huondolewa kwenye majukwaa, na dakika 30 huhesabiwa upya kila radi nyingine inapopiga. Kombe la Dunia la Klabu 2025, mechi ya Chelsea na Benfica mjini Charlotte ilisimama karibu saa mbili kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usikate tiketi ya basi wala ya ndege ya usiku wa siku ya mechi.

Nyota_Nyeusi26

Nimeelewa: Kanada mtandaoni leo, DS-160 kesho, ndege baada ya visa zote mbili. Swali la mwisho. Kadi yangu ni ya benki ya kawaida, si ya mkopo. Hoteli zitanipokea?

Pitanjia

Nyingi zitakupokea, ila jiandae na kitu kimoja. Ukifika mapokezi hoteli huzuia kiasi cha ziada kwenye kadi kwa ajili ya uharibifu au huduma za chumbani, kwa kila usiku au kwa mkupuo. Kwenye kadi ya mkopo hilo halikugusi. Kwenye kadi ya kawaida ni fedha zako halisi zinazofungwa, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya wewe kuondoka. Ukihama miji mitatu ndani ya siku kumi na mbili, unaweza kujikuta fedha za hoteli mbili zimefungwa kwa wakati mmoja. Waandikie kabla ya kulipia, uliza wanazuia kiasi gani na kama wanakubali kadi ya kawaida, na jibu lihifadhi.

Bei unazoziona dukani na kwenye menyu Marekani na Kanada hazijajumlisha kodi, na mhudumu wa mezani hutegemea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Ongeza yote mawili kwenye hesabu yako ya chakula. Plagi ni za pini bapa, umeme volti 120, nchi zote mbili. Chaja iliyoandikwa 100–240V inahitaji kiunganishi tu. Na kata bima ya matibabu inayoitaja Marekani kwa jina, kwa sababu bima nyingi za kusafiria zinazojiita za dunia nzima huitoa Marekani na Kanada kwenye maandishi madogo.